Metali ya Kigothi: Ngonjera ya sauti mbili gizani

MZAZI anayepita karibu na mlango wa chumba cha bintiye mtaani Lavington au Kileleshwa, akasikia mwanamume akinguruma kana kwamba sauti inatoka chini ya ardhi, kisha mwanamke akaimba juu ya mngurumo huo mithili ya mwanakwaya siku ya Pasaka, ana haki ya kushtuka.

Aghalabu mawazo mawili humjia. Ama mtoto amejiunga na kundi la ajabu, ama spika zimepata hitilafu na nyimbo mbili zinapigwa kwa pamoja. Ukweli ni kwamba spika ni nzima. Anachokisikia mzazi huyo ni mtindo wa muziki wenye historia, kanuni na ufundi wake, uitwao metali ya Kigothi, na kule kukutana kwa sauti ya mwanamume na ya mwanamke ndiko uti wa mgongo wake.

Ili kuueleza mtindo huu ni heri kushika albamu moja mkononi kuliko kuzungumza kijuujuu. Albamu hiyo ni Aégis, iliyotolewa mwaka wa 1998 na bendi ya Theatre of Tragedy kutoka mji wa Stavanger, nchini Norwe. Stavanger ni mbali sana na barabara ya Waiyaki Way. Hata hivyo, msikilizaji wa Nairobi anazo nyenzo zote za kuielewa albamu hiyo, na nyingine alizipata shuleni na kanisani kabla hajaisikia gitaa la umeme.

Tuanze na jina. Wagothi walikuwa kabila la Ulaya ya kale ambalo askari wake waliuteka na kuupora mji wa Roma mwaka wa 410. Karne nyingi baadaye, wasomi wa Italia waliochukia majengo ya kale yenye matao yaliyochongoka na minara mirefu waliyabandika jina la kabila hilo kwa dharau, kana kwamba ni kazi ya washenzi. Dharau ikasahaulika, jina likabaki.

Hakuna haja ya kukata tikiti ya ndege ili kuyaona matao hayo. Kanisa Kuu la All Saints, lililo kando ya Kenyatta Avenue jijini Nairobi, lilijengwa kwa kuufuata mtindo huo. Lilichorwa na msanifu Mwingereza Temple Moore, jiwe lake la msingi likawekwa mwaka wa 1917, na likatabarukiwa mwaka wa 1952. Anayeingia humo adhuhuri, akayaacha makelele ya matatu nje, husikia jinsi mawe yanavyoirefusha sauti: neno moja hutamkwa na mwangwi wake hudumu hewani kabla ya kufa. Mwangwi huo ndio ambao watayarishaji wa metali ya Kigothi hutafuta kwa mitambo yao studioni.

Kutoka katika majengo, neno hilo liliingia katika fasihi. Mwaka wa 1764 Mwingereza Horace Walpole alichapisha hadithi ya kasri lenye mizimwi na laana za ukoo, na tangu hapo hadithi za magofu, makaburi, usiku na mapenzi yaliyoharibika zikaitwa za Kigothi.

Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba hisia hizo ni za Wazungu pekee. Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir zaidi ya miaka 200 iliyopita, unasimama juu ya magofu ya Pate na kuuliza walikokwenda matajiri waliokuwa wakiishi katika majumba yale, ambayo sasa yana popo na wadudu. Aliyeusoma utenzi huo, kisha akatembea peke yake katika magofu ya Gedi karibu na Malindi jua likizama, hahitaji kufunzwa maana ya Kigothi. Kinachomkosa ni gitaa tu.

Gitaa lenyewe lilitoka Birmingham. Katika mji huo wa viwanda nchini Uingereza, kijana aliyeitwa Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa hutoa sauti nzito na ya chini zaidi. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu yake ya kwanza mwezi wa Februari 1970, na wengi huichukulia siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa muziki wa metali.

Ilichukua miaka 21 zaidi kabla ya sauti ya mwanamke kualikwa ndani ya uzito huo kwa namna tunayoizungumzia. Mwaka wa 1991 bendi ya Paradise Lost, pia ya Uingereza, ilitoa albamu iliyoitwa Gothic, na ndani yake kulikuwa na sehemu chache ambamo mwanamke aliimba kwa sauti ya juu nyuma ya mngurumo wa mwanamume. Zilikuwa sehemu chache mno, lakini vijana wa Norwe, Uholanzi na Italia walizisikia.

Theatre of Tragedy iliundwa mwaka wa 1993. Wao hawakumtia mwanamke kama kiungo cha kukoleza mchuzi. Walimpa nusu ya chungu. Liv Kristine aliimba kwa sauti nyororo, karibu ya mtoto, na Raymond Rohonyi akamjibu kwa mngurumo. Albamu ya kwanza ilitoka 1995, ya pili 1996. Mashabiki wa Ulaya waliupa mtindo huo jina la utani: mrembo na zimwi.

Rohonyi alikuwa na kipaji kingine. Mashairi yake aliyatunga kwa Kiingereza cha zama za Shakespeare, chenye maneno ambayo Mwingereza wa leo hayatumii sokoni wala nyumbani. Mswahili ataelewa mara moja, kwani ni sawa na malenga wa kisasa anayeamua kutunga kwa Kingozi. Kuna faida, kwa sababu lugha kongwe humtoa msikilizaji katika siku ya leo na kumpeleka mahali pengine. Kuna hasara pia. Mara nyingine maneno yanakuwa mapambo mazito kiasi kwamba maana inakosa pumzi, na si vibaya kukiri kwamba beti kadhaa za albamu ya 1996 zinahitaji kamusi kuliko machozi.

Aégis ilikuja na utulivu. Jina lenyewe ni la ngao ya miungu wa Wayunani wa kale. Ina nyimbo nane, na kila mojawapo imebeba jina la kike: Cassandra, Lorelei, Angélique, Aœde, Siren, Venus, Poppæa na Bacchante. Wengine ni wa hadithi za Uyunani na Roma. Lorelei ni yule mwanamke wa ngano za Kijerumani aketiye juu ya mwamba wa mto Rhine, akiimba hadi manahodha wakasahau usukani. Mkazi wa Lamu au Kilifi aliyelelewa na visa vya nguva na majini ya baharini atamtambua bila kutambulishwa. Poppæa alikuwa mke wa Nero, mfalme wa Roma.

Cassandra ndiye anayefungua albamu, na kisa chake kinastahili kusimuliwa. Alikuwa binti wa mfalme wa Troya. Mungu Apollo alimpa kipawa cha kuyaona yajayo, na alipokataa mapenzi yake akamwekea laana: utasema kweli daima, wala hapana atakayekuamini. Akaona mji wake utakavyoteketea, akasema, akapuuzwa, mji ukateketea.

Hapa Nairobi tunaye nabii wetu wa kike. Syokimau wa Wakamba, kwa mujibu wa simulizi, aliliona joka refu la chuma litakalotoka baharini likipita nchini, na watu wabebao moto mifukoni. Reli ikaja, viberiti vikaja. Leo jina lake limo katika kituo cha treni na mtaa mzima kando ya jiji. Cassandra hakuaminiwa, Syokimau akapewa stesheni. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kuzaa albamu.

Katika Aégis, Rohonyi aliuacha mngurumo kwa kiasi kikubwa, akaimba na kunena kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona. Ndiyo maana albamu hii ni mlango mwema kwa anayeanza. Sikio likishazoea jinsi sauti mbili zinavyopokezana, msikilizaji anaweza kurudi nyuma hadi ile ya 1996 na kuukuta mngurumo ukimngoja. Mzazi wetu wa Lavington, kwa bahati mbaya, ameanzia huko.

Mngurumo wa mwimbaji wa metali una sababu ya kiufundi. Uzi mnene zaidi wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, na wapigaji wa metali huulegeza zaidi ya hapo. Kisha mkwaruzo wa amplifaya huongeza mitetemo mingine mingi juu yake, hata eneo lote la chini na la kati likajaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Sauti ya kawaida ya mwanamume huishi katika eneo hilohilo. Akiimba kwa upole, anamezwa.

Anazo njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni bendi kunyamaza kidogo anapoimba, kama inavyofanyika mara nyingi katika Aégis. Ya pili ni kuacha kushindania noti na gitaa, akawa yeye mwenyewe ni mkwaruzo, ni mdundo, kama ngoma yenye maneno.

Sauti ya juu ya mwanamke haina shida hiyo. Hupaa juu ya msongamano, kuelekea eneo la mitetemo 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde ambamo sikio la binadamu lina wepesi zaidi wa kunasa. Haihitaji kupiga kelele ili isikike. Hii ndiyo siri ya mtindo mzima: mmoja anakuwa ardhi, mwingine anakuwa anga, na gitaa ni ukuta uliosimama katikati yao.

Kuhusu koo, wasiwasi wa wengi ni kwamba kunguruma huku huharibu sauti. Juu ya nyuzi halisi za sauti kuna mikunjo mingine miwili ya nyama ambayo katika usemi wa kawaida haina kazi kubwa. Mwimbaji stadi huitetemesha hiyo, huku pumzi ikisukumwa na kiwambo kilicho chini ya mapafu, wala si kwa kulibana koo. Asiye na mwalimu hubana koo, na huyo huumia kweli. Ni kama mhubiri wa kituo cha basi ambaye hadi jioni hana sauti, ilhali padri mzoefu huimba misa tatu na kurudi nyumbani akizungumza.

Tukirudi kwa nyenzo za msikilizaji wa hapa, ya kwanza ni kwaya. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia inayoanzia mwaka wa 1927, na vizazi vya wanafunzi vimepitia humo vikijifunza kuimba kwa sauti nne, kutoka soprano hadi besi. Kila Jumapili, katika Holy Family Basilica na All Saints na makanisa madogo yasiyohesabika ya Kangemi na Kawangware, wapo wasichana wanaoweza kushikilia noti ya juu bila kutetereka. Nairobi haina uhaba wa akina Liv Kristine.

Ya pili ni ngonjera. Aliyesoma ushairi katika shule ya sekondari anafahamu umbo hilo la majibizano ambalo Mathias Mnyampala wa Tanzania alilieneza: mmoja anatoa hoja, mwenziwe anaipinga, beti kwa beti. Metali ya Kigothi ni ngonjera ya namna hiyo, isipokuwa hoja zake ni kifo, majuto na mapenzi.

Ya tatu iko pwani. Katika taarab ya Mombasa, Zuhura Swaleh alirekodi pamoja na kundi la Maulidi Musical Party, na hakuna aliyeona ajabu kusikia mwanamke na wanaume katika kundi moja la huzuni na tashtiti. Zaidi ya hayo, ngazi ya noti ambayo wapigaji wa taarab huiita hijaz ina mruko mmoja mpana, wa nusutoni tatu, unaoleta ile ladha ya kuchoma moyo. Mruko huohuo umo katika mojawapo ya ngazi za maina, yaani zile za huzuni, ambazo bendi za Kigothi huzipenda mno. Mzee wa Old Town asiyeweza kuvumilia gitaa la mkwaruzo huenda akatingisha kichwa pale kinanda kinapobaki peke yake.

Na ya nne ni maombolezo yenyewe. Mpiga nyatiti wa Kiluo ana nafasi yake matangani. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa katika sherehe na pia katika mazishi. Wakazi wengi wa Kangemi wana asili ya magharibi mwa Kenya, na hapo si ajabu ngoma kusikika usiku familia inapochanga fedha za kusafirisha mwili. Kwa watu hao, wazo kwamba huzuni hubebwa na ngoma nzito, sauti za wanaume chini na za wanawake juu, si geni hata chembe.

Katika barabara hiyohiyo ya Waiyaki Way, ukielekea mjini kutoka Kangemi, utalifikia jengo la Lion Place, Westlands. Humo ndimo lilimokuwa shirika la Radio Africa likiendesha X FM, kituo kilichopiga muziki wa roki mchana na usiku katika miaka ambayo vituo vingine vyote vilikuwa katika genge na injili. Kituo hicho hakipo tena kwa umbo hilo, lakini kilikuza kizazi cha wasikilizaji.

Walichokisikia kilikuwa pamoja na Evanescence ya Marekani, ambayo albamu yake Fallen ya 2003 iliupeleka mtindo wa sauti mbili mahali ambapo Wanorwe hawakuwahi kufika. Imethibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni 10 nchini Marekani pekee. Wimbo wake uliovuma zaidi una sauti ya mwanamume inayomkatiza mwimbaji Amy Lee, naye amesimulia kwamba ni kampuni ya kurekodi iliyosisitiza sauti hiyo iwepo, kwa hofu kwamba redio zisingempokea mwanamke peke yake mbele ya magitaa. Lililoanza kama ubunifu huko Stavanger likawa sharti la biashara.

Nairobi nayo ikaunda bendi zake. Murfy's fLaw ilikuwa na mwanamke mbele ya kipaza sauti, ikapiga roki isiyo nzito sana. Last Year's Tragedy ilichanganya mayowe na uimbaji safi. Lust of a Dying Breed ilizama katika mngurumo mtupu. Mwandishi Mmarekani Edward Banchs alikuja kuwatembelea wanametali wa Kenya na nchi nyingine za Afrika, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 2016.

Mwaka wa 2019 Martin Khanja, aliyetoka Lust of a Dying Breed, na Sam Karugu waliunda Duma, jina ambalo Mswahili atadhani ni la yule mnyama mwenye mbio, kumbe kwa Kikuyu ni giza. Albamu yao, iliyorekodiwa Kampala na kutolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka wa 2020, ilisifiwa kote ulimwenguni. Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, alifuatisha The Adept mwaka wa 2024, kazi aliyoiambatanisha na kumbukumbu ya wapiganiaji wa Mau Mau.

Hizo ni kazi za kutisha kwa maana bora ya neno, ila si za melodia. Ni radi bila mvua. Bendi za Nairobi zilizovuma nje ziliuchukua upande mmoja wa ile ngonjera, wa zimwi, zikauboresha hadi ulimwengu ukasimama kutazama. Upande wa pili umebaki kanisani.

Kwa nini? Sababu moja ni hofu, na hofu hiyo ina tarehe. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake ilifika mbele ya umma mwaka wa 1999. Waliokuwa shuleni katika miaka hiyo watakumbuka minong'ono ya pete, nyoka na fulana nyeusi. Msichana wa kwaya aliyepatikana na kaseti ya metali hakuwa na la kujitetea.

Ni haki kusema kwamba hofu haikuzuka hewani. Mwezi wa Juni 1992, huko huko Norwe, kanisa la mbao la Fantoft mjini Bergen, lililojengwa katika karne ya 12, liliteketezwa kwa moto, na uchomaji wa makanisa ukahusishwa na wafuasi wa metali nyeusi. Lakini metali nyeusi na metali ya Kigothi ni mbali, kama zilivyo mbali mugithi na ohangla; kuvitia kapu moja kwa kuwa vyote vina magitaa ni uvivu wa masikio. Ndani ya Aégis hakuna ibada ya yeyote. Kuna wanawake wanane na mwanamume anayewaogopa na kuwatamani.

Mzazi mwenye wasiwasi ana maswali bora ya kujiuliza kuliko rangi ya fulana. Mtoto analala? Anakula? Anao marafiki wa kuzungumza nao? Ameacha mambo aliyoyapenda? Huzuni ya wimbo na huzuni ya mtu ni vitu viwili, na mara nyingi cha kwanza ndicho humsaidia mtu kukistahimili cha pili, kama afahamuvyo aliyewahi kulia matangani akarudi nyumbani mwepesi. Ila majibu ya maswali hayo yakiwa mabaya, daktari atafutwe, hata kama mtoto anasikiliza nyimbo za injili.

Lawama ambayo mtindo huu unaistahili ni nyingine kabisa. Maneno ambayo Liv Kristine aliyaimba yalitungwa na mwanamume. Wale wanawake wanane wanatazamwa, wanaombolezwa, wanaogopwa; mara chache wanasema lao. Katika ngonjera ya kweli kila upande una hoja, na katika taarab mwanamke aliyesemwa hupanda jukwaani akajibu kwa mipasho hadi msemaji akajuta. Mtunzi wa kike wa Nairobi akiushika mtindo huu, hapo ndipo pa kuanzia: Cassandra asiyelia, bali anayewasuta waliomcheka.

Sababu ya pili ya upande wa melodia kubaki nyuma ni nafasi. Mngurumo mmoja na gitaa moja vinaweza kukaa chumbani. Bendi ya Kigothi huhitaji magitaa, besi, kinanda, seti ya ngoma na waimbaji wawili wanaosikizana, na wote hao wanahitaji pa kufanyia mazoezi. Kilimani na Kileleshwa za leo ni ghorofa juu ya ghorofa. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya makazi ya watu, ilhali seti ya ngoma ikipigwa kwa nguvu hupita 100 bila kutokwa jasho.

Majukwaa nayo yamepungua. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika mitaa ya makazi, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawalali. Walikuwa na haki yao. Bendi ndogo, ambazo hazijawahi kupewa siku katika kumbi kubwa, zilipoteza pembe chache zilizokuwa zikizikaribisha.

Duma walionyesha njia ya kukwepa: walikuwa wawili tu, na ngoma zao zilitoka katika kompyuta, bila jirani kugonga ukuta. Magitaa siku hizi huchomekwa moja kwa moja katika kompyuta hiyohiyo. Mngurumo wenyewe, ukifanywa kwa ufundi, hauna kelele nyingi kama unavyosikika katika diski. Kipaza sauti kikiwa karibu na mdomo, blanketi zito mlangoni hutosha.

Soprano ndiye asiyeweza kufichwa chini ya blanketi. Noti yake ya juu hupenya kuta, na isitoshe inataka mwangwi wa mawe, ule ambao programu za kompyuta huuiga bila kuufikia. Mwangwi huo uko mjini, kando ya Kenyatta Avenue, na ufunguo wake anao kasisi.